Nyanya anataka kuuza mbuzi alipie "faili ya fidia" ya Mau Mau. Nimwambie nini?

Mjukuu_Othaya
Hamjambo wenzangu. Nyanya yangu anakaribia miaka 90. Wakati wa hali ya hatari, Waingereza walipokuwa wakipambana na wapiganaji wa Mau Mau, alifungiwa jela ya Kamiti, na goti lake la kushoto halikunji sawasawa tangu kipigo cha huko. Juzi nilipoenda nyumbani akatoa bati la biskuti uvunguni. Ndani mna risiti nne za kuandikwa kwa kalamu, zenye muhuri wa zambarau: "ada ya faili". Ya kwanza ni ya 2014, shilingi 500. Sasa jamaa anayezunguka kijijini anadai 2,500, eti Waingereza wametoa awamu ya pili na orodha inafungwa mwisho wa mwezi. Nikisema ni ukora, nyanya ananiuliza, "Kwani 2013 hawakulipa?" Hapo nakosa jibu.

Karani_Mstaafu
Mwanangu, nyanya hajakosea, walilipa. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, waziri wao wa mambo ya nje, alisimama bungeni London akakiri kwamba watu waliteswa na akasema serikali yake inasikitika. Walioingia kwenye makubaliano ni 5,228, kwa jumla ya pauni milioni 19.9. Lakini gharama za mawakili zilikuwa humo humo. Sasa huyu wa muhuri wa zambarau ada anampelekea nani?

Wakili_Mtaani
Niongezee. Wengine zaidi ya 40,000 walijaribu baadaye, kesi ikaanza kusikilizwa London 2016. Jaji aliitupa 2018: muda umepita mno. Wale wa kwanza walibahatika kwa sababu 2012 jaji mwingine aliona maandishi yaliyobaki yanatosha kesi kuendelea, na kumbuka kuna mafaili ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa miaka yote Hanslope Park, jengo la serikali huko Uingereza. Muulize jamaa nambari ya kesi na jina la wakili. Jina ulitafute kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili. Asipokuwa nalo, piga ripoti kituoni ukiwa na risiti zote nne.

Kiboko_Yao
Mnawavunja wazee moyo bure. Si Uhuru Kenyatta akiwa rais alitangaza shilingi bilioni 10 mwaka 2015 kwa waliodhulumiwa?

Wakili_Mtaani
Alitangaza, ndiyo, baada ya ripoti ya Tume ya Ukweli. Ila tume ile ilipewa kuchunguza kuanzia tarehe 12 Desemba 1963. Nyanya aliumizwa kabla ya hapo. Mama yangu mdogo yumo ndani ya miaka ya tume na bado anangoja.

Dada_Wangechi
Kaka, hawa wanakupa sheria na wewe umeuliza utamwambia nini. Babu yetu tulimkataza kwa ukali, akawa anatoa pesa kisiri. Baadaye ndiyo tukaelewa kwamba alichotaka ni jina lake liandikwe mahali. Mau Mau walibaki wamepigwa marufuku hata baada ya uhuru, hadi 2003! Tulinunua daftari, tukaandika kambi alizopitia, nani alikuwa naye, walichokula. Hakuuliza tena habari ya faili. Na hiyo 2,500, mnunulie blanketi.

Mjukuu_Othaya
Nimerudi. Jana nilimngoja jamaa langoni nikamuuliza nambari ya kesi mbele ya majirani. Akasema ameiacha ofisini, akapanda bodaboda. Simu yake haipatikani tangu jana hiyo. Mbuzi yupo. Risiti nyanya amekataa nizipeleke kituoni, anasema zina jina lake, kwa hiyo nimezipiga picha tu. Jumamosi naenda na daftari. Dada Wangechi, mliandika kwa Kiswahili?

Dada_Wangechi
Kikuyu, vile vile anavyosema. Akinyamaza usimjazie maneno. Babu alikaa kimya mpaka chai ikapoa, kisha akataja kambi ya Manyani.