Paka na panya bomba moja: tupeane uzoefu wa wanyama mliowaona wakipatana mjini

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii namsomea binti yangu The Cricket in Times Square, hadithi ya George Selden ya mwaka 1960. Nyenje Chester katoka mashambani Connecticut; harufu ya soseji ya maini ikamponza, akaingia kwenye kikapu cha watu, kushtukia yuko New York, kituo cha treni za chini ya ardhi. Anapokewa na Tucker, panya anayeishi kwenye bomba pamoja na paka Harry. Binti akanikatisha hapohapo: "Baba, paka hamli?"

Nikamwambia niliyoyaona kwa macho yangu. Nilipokuwa nimepanga Ngarenaro, mama mwenye nyumba alikuwa na paka wa madoa na kifaranga mmoja aliyebaki baada ya mwewe kumaliza wenzake. Julai, baridi ya Arusha mnaijua. Kifaranga akaanza kumfuata paka jikoni, kando ya jiko la mkaa lililobaki na majivu ya moto. Alfajiri nikienda kuchota maji nakuta kichwa kidogo kimechomoza katikati ya miguu ya mbele ya paka, na paka hajinyooshi mpaka mwenzake aamke.

Leteni zenu, hasa wa Arusha na Moshi.

Mdau wa Majengo, Moshi:
Kwetu ni mbwa na mbuzi. Mzee alinunua beberu mwezi wa kumi na moja, anenepeshwe, Krismasi apelekwe Rombo. Tulikuwa tunamkatia majani ya migomba. Wakazoeana na mbwa hadi wakalala gunia moja. Siku ya safari mbwa aliifuata Hiace mpaka barabara ya lami, akarudi, akalala kwenye lile gunia siku mbili bila kugusa chakula. Nilikuwa darasa la tano. Mbuzi wa sikukuu sinunui mapema mpaka leo.

Mdau wa Kijenge:
Mkuu, hapo Chester anaporudi kwao ndipo sauti hunikatika nikiwasomea wanangu. Muziki wake umeshasimamisha watu kituoni, lakini anakumbuka shamba. Na rafiki zake hawamzuii, wanamsindikiza hadi stesheni ya treni ya Grand Central. Halafu yule kuku wa Ngarenaro aliishia wapi?

Mleta uzi:
Alizeekea palepale, mkuu. Mama alikataa kabisa kumchinja. Na kila alipotaka kutaga alikwenda kwenye boksi la paka, paka anampisha.