Naomba ushauri: kulinganisha hisa na sekta yake kwenye chati

Habari zenu wakuu, mi niko Tanga huku Ngamiani. Tangu bomba la mafuta la kutoka Hoima lianze kujengwa kuja Chongoleani nimekuwa nafuatilia hisa za TotalEnergies, kampuni ya mafuta yenye sehemu kubwa kwenye bomba hilo, sina hela ya kununua bado ila najifunza tu. Sasa kwenye TradingView (tovuti ya chati za bei) nimeweka TTE, yaani alama ya hisa ya Total, nikaongeza XLE, mfuko wa hisa za kampuni za nishati, kwa kile kitufe cha kulinganisha, chati ikageuka asilimia, sawa, ila nikiisogeza kidogo kurudi nyuma mshindi anabadilika! Naona inaanza kuhesabu pale chati inapoanzia kwenye skrini. Jamaa mmoja kaniambia andika TTE/XLE upate mstari mmoja, ukipanda hisa inaipiga sekta, ukishuka inapigwa, na huo kweli hauyumbi ovyo. Kinachonitatiza, XLE ni kampuni za Marekani tupu na Total ni ya Ufaransa, je nitumie IXC, mfuko wa nishati wa dunia nzima, ambao Total yenyewe imo? Halafu gawio mnaliwekaje, maana bei peke yake hailionyeshi. Na msinitajie RSI (kipimo cha kasi ya bei) jamani, hiyo inajilinganisha na bei zake yenyewe, nishachanganywa nayo wiki nzima.