Tupeane uzoefu: mtambo mzito unapogoma kuwaka kwa hitilafu ya umeme

Mwanzisha mada, Mtwara Mjini

Ndugu mafundi, madereva na wasimamizi wa mitambo, salaam. Nimeanzisha mada hii kwa sababu huku kwetu Mtwara na Lindi mtambo ukigoma porini, stata mpya (mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake) huagizwa Dar es Salaam kabla mtu yeyote hajashika mita ya kupimia volti, na mara nyingi ikishafungwa mtambo hubaki vilevile. Mwenye kisa cha kweli akieleze: dalili zilikuwaje, nini kilipimwa, na ubovu ulikutwa wapi. Naomba tubaki kwenye umeme. Mambo ya dizeli na pampu yatapata siku yake.

Naanza na ekskaveta iliyokuwa ikisafisha mifereji kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu. Ilikuwa na mfumo wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo, na betri zote mbili zilikuwa mpya. Ukizungusha ufunguo, stata inagonga mara moja, taa za dashibodi zinafifia hadi karibu kuzimika, basi. Mwenye mtambo alikwishaamua kuwa stata imekufa, maana taa ya kupimia ilipoguswa kwenye stata iliwaka vizuri na mita ilionyesha volti 25 kamili.

Kipimo hicho kilichukuliwa mtambo ukiwa umetulia, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Niliweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, juu ya risasi yenyewe na si juu ya kibano, ncha ya pili nikaigusisha bodi ya stata, kisha nikamwomba opereta apige stata. Volti 9 zilionekana kwenye mita, ilhali kwa waya mzima zisingetakiwa kuzidi nusu volti au karibu na hapo. Tulipochana ganda la waya wa ethi, yaani ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye chesisi, ganda ambalo kwa nje lilikuwa safi kabisa, tulikuta nyuzi za shaba karibu na kichwa cha waya zimegeuka unga wa kijani uliochanganyika na weupe, na zilizosalia nzima zilikuwa chache mno. Waya ulibadilishwa, mahali unapofungwa kwenye chesisi pakakwanguliwa hadi chuma kikang'aa, na mtambo ukawaka kwa stata ileile ya zamani.

Hesabu yake ni fupi. Stata ya mtambo mkubwa huvuta ampea mia kadhaa. Ukinzani wa omu 0.01 tu, ambao mita ya kawaida haiwezi kuusoma kwa uhakika, ukipitishwa ampea 400 unameza volti 4. Taa ya kupimia inavuta umeme kidogo mno kuweza kufichua jambo hilo.

Dereva wa greda, Masasi

Ahsante, ndugu. Greda niliyokuwa nikiendesha haikuwa na shida asubuhi. Ilikuwa ikiwaka kwa mpigo mmoja. Nikiizima mchana baada ya kazi ndefu kwenye jua na kutaka kuiwasha tena, inakaa kimya, hata mlio wa kugonga hausikiki, mpaka injini ipoe. Betri zilipimwa, nyaya nene zikabadilishwa, hali ikawa ileile. Fundi aliyeiponya alipima volti zinazofika kwenye waya mwembamba unaoamsha solenoidi (swichi ya sumaku inayounganisha stata na betri), akakuta zinafika 16 tu wakati ufunguo umezungushwa. Rilei ya stata, yaani swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye waya huo, ilikuwa imeungua vigusano vyake ndani. Ilipobadilishwa, tabia ile ikaisha.

Fundi umeme, Lindi

Kaka wa Masasi, kisa chako kina sababu iliyo wazi. Ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi joto 10 za Selsiasi, kwa hiyo solenoidi iliyokaa pembeni mwa injini yenye moto huvuta umeme pungufu kuliko ikiwa baridi. Ikipata volti kamili bado itaruka. Ikipata 16 itaruka asubuhi, lakini mchana itashindwa.

Mimi huanza kwa sikio kabla ya mita. Kimya kabisa kinanipeleka kwenye ufunguo, fyuzi, rilei, swichi ya gia huru na ule waya mwembamba. Mlio mmoja mzito wa kugonga unanipeleka kwenye nyaya nene, vigusano vya solenoidi au kaboni za stata. Milio ya harakaharaka mfululizo karibu kila mara ni betri iliyoishiwa nguvu: solenoidi inavuta, volti zinaporomoka, inaachia, inavuta tena.

Opereta wa ekskaveta, Nachingwea

Changu ni kifupi. Gari lilitoka mbali kuja kunisaidia, na fundi aliposhuka alisukuma tu ile liva ya usalama ya kufunga haidroliki iliyo kando ya kiti, mtambo ukawaka. Ekskaveta nyingi hukata umeme wa stata liva hiyo isipokuwa imefungwa. Swichi yake nayo huziba matope, hasa wakati wa masika, kwa hiyo liva ifungwe na ifunguliwe mara kadhaa kabla ya kumpigia mtu simu.

Msimamizi wa mitambo, Ruangwa

Nawaheshimu waliotangulia, ila naona mada inaelekea kuziosha betri na lawama zote, nami sikubaliani. Kwenye joto la huku betri hufa, na nyingi zinauawa na sisi wenyewe. Tulikuwa na kijiko ambacho betri moja ilikuwa ikikaushwa maji kila mara na ya pili haijai kamwe. Ilibadilishwa jozi nzima, na baada ya muda tatizo likarudi. Ilibainika kwamba mtu alikuwa amevuta waya wa redio na chaja ya simu kutoka kwenye betri moja tu ili apate volti 12. Betri hiyo inanyonywa peke yake. Alteneta inapochaji kwa volti 28, iliyonyonywa haipati haki yake na mwenzake inapata kupita kiasi hadi inachemka. Anayetaka volti 12 afunge kifaa cha kushusha volti kutoka kwenye 24.

Jambo jingine ni uchomeleaji. Kwa mitambo yenye kompyuta, betri zifunguliwe kabla ya kuchomelea ndoo au mkono wa mtambo, na kibano cha ethi cha mashine kifungwe jirani na sehemu inayochomelewa. Kompyuta ikiungua inaweza kuzuia stata, na hapo hakuna atakayeshuku welda aliyeondoka wiki iliyopita.

Mwanzisha mada

Mzee wa Ruangwa, nimekuelewa na nakubali. Betri iliyojaa na kutulia isome karibu volti 12.6 kila moja, na zipimwe moja moja, kwa sababu jumla ya 24.6 inaweza kuficha yenye 12.6 na yenye 12.0. Kisha zipimwe wakati stata inapigwa: jozi ikiporomoka chini ya volti 18 hivi, betri ishughulikiwe kwanza kabla ya kutafuta waya.

Fundi chipukizi, Newala

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza: ikiwa niko shambani na sina mita kabisa, nifanyeje?

Fundi umeme, Lindi

Marahaba, mwanangu. Washa taa kubwa, kisha mwambie opereta apige stata. Taa zikififia sana, umeme unahitajika ila hautoshi au unapotelea njiani. Zikibaki vilevile, stata haijavuta chochote. Kama inazunguka kwa uvivu, ipigwe kwa sekunde kumi hivi, isizidi 30 kwa namna yoyote, halafu ipumzishwe dakika 2. Ufunguo ukisharudishwa, gusa kila kiungo cha waya mnene kwa tahadhari, kuanzia betri, swichi kuu, chesisi hadi stata. Kiungo chenye joto kuliko vingine ndicho kinachokula volti. Ukikifungua, anza kwa kuondoa waya wa hasi wa betri, na ukimaliza huo ndio uwe wa mwisho kurudishwa, spana isije ikagusa bodi ikaleta cheche juu ya betri.