Mastodon, Bluesky au seva yenu wenyewe: ipi inaifaa ofisi ya kitaalamu?

Mchora_Ramani
Wakuu, salaam. Ofisi ya wasanifu majengo, watu sita, tayari ina domeni yake ya .co.tz. Inatakiwa akaunti ya kampuni, na kila msanifu awe na yake ya kujuana na wenzake wa fani. Kuna njia tatu mezani kwenye mitandao ya kijamii ya Mastodon (inayoundwa na seva nyingi huru zinazowasiliana) na Bluesky: seva ya Mastodon ya watu wengine, seva ya Mastodon ya ofisi yenyewe, au Bluesky. Naomba ulinganisho wa utambulisho, kuhama, na kazi ya kila siku.

fundi_seva
Kwa utambulisho, Bluesky inaongoza. Chagua kutumia domeni yako kama jina la akaunti, kisha kwenye DNS (mipangilio ya domeni) ongeza rekodi ya TXT, yaani ya maandishi: jina `_atproto`, thamani `did=did:plc:...` utakayopewa, ambayo ni kitambulisho cha kudumu cha akaunti. Wengi hukwama kwenye jina. Paneli nyingi za domeni huongeza mkia zenyewe, kwa hiyo ukiandika jina zima unapata `_atproto.domeni-yenu.co.tz.domeni-yenu.co.tz` na uthibitisho unagoma. Andika `_atproto` peke yake. Kwa mfanyakazi, tuseme Asha, ni `_atproto.asha`.

Uzuri wake unaonekana mtu akiacha kazi. Unafuta rekodi yake, jina la kampuni linaondoka, lakini akaunti na wafuasi vinabaki mali yake. Mtaalamu anastahili hivyo.

Mastodon inatumia kiungo chenye `rel="me"` (alama ya HTML isemayo "huyu ni mimi") kwenye tovuti yenu kinachoelekea kwenye akaunti. Anwani ya tovuti unaiweka kwenye wasifu, nayo inageuka kijani. Ukaguzi hufanyika unapohifadhi wasifu, hivyo ukichelewa kuweka kiungo kwenye tovuti, rudi uhifadhi tena.

LangoLaKusini
Kabla ya kujiunga na seva ya watu, soma kanuni zake. Nyingi zinaendeshwa kwa michango na wasimamizi wa kujitolea, na baadhi hazipokei akaunti za biashara kabisa. Akaunti inayomwaga matangazo tu huripotiwa na kufungwa, na nadhani ni haki.

Mastodon haina tangazo la kulipia linalosukuma posti. Posti inamfikia anayekufuata, anayefuata hashitagi, au aliyesambaziwa na mwingine. Kwa hiyo weka hashitagi mbili tatu za fani, kila neno lianze na herufi kubwa (#UsanifuMajengo) ili programu za kuwasomea wasioona zitamke sawasawa. Kila picha ya ramani iwe na maelezo ya maandishi. Halafu washeni ruhusa ya posti kutafutwa kwenye mipangilio ya faragha: tangu toleo la 4.2 la mwaka 2023 ipo, lakini imezimwa mpaka mwenyewe uiwashe. Kampuni nyingi zinalalamika hazionekani kumbe ni hapo tu.

Nahodha_wa_DNS
Seva yenu wenyewe? Kwa serikali ya Ujerumani, yenye social.bund.de, inaleta maana: anwani yenyewe ni uthibitisho. Kwa watu sita mimi nakataa. Mtalea hifadhidata ya PostgreSQL, hifadhi ya muda ya Redis, Sidekiq inayoendesha kazi za nyuma, na utumaji wa barua pepe, huku picha za seva nyingine zikijaza diski msipopanga kuzifuta. `LOCAL_DOMAIN`, yaani domeni ya anwani za akaunti, haibadilishwi seva ikishaanza kuwasiliana na nyingine. Na seva mpya ni tupu. Inavuta hasa posti za wale mnaowafuata, hivyo hashitagi zitaonekana kama hazina watu.

Tovuti ikiwa ni WordPress, wekeni plagini ya ActivityPub (lugha ambayo seva za Mastodon huwasiliana kwayo). Makala zenu zitafuatwa moja kwa moja kutoka Mastodon na majibu yatarudi kama maoni. Isipofanya kazi, angalieni kwanza plagini ya kache (inatoa HTML palipoombwa JSON) au ya usalama inayozuia `/.well-known/webfinger`, anwani ambayo seva nyingine hutumia kuitafuta akaunti yenu.

Mchora_Ramani
Asanteni. Na kuhama?

LangoLaKusini
Mastodon: akaunti mpya iitambue ya zamani kwanza, ndipo uhamishe kutoka ya zamani. Wafuasi wanakuja, posti zinabaki, na huhami tena mpaka siku 30 zipite. Kama posti zenu ni kumbukumbu ya miradi, hilo ni pengo kubwa.

fundi_seva
Bluesky posti zinahama pia. Hata domeni ikiisha muda, jina linaharibika lakini wafuasi wapo. Kwenye seva yenu ya Mastodon, kupoteza domeni ni kupoteza kila kitu. Pia Bluesky ina vifurushi vya kuanzia, yaani orodha za watu wa kufuata, hadi watu 150 kwa kimoja. Wasanifu wa Afrika Mashariki wanaweza kukusanywa humo, mgeni akawafuata wote kwa mara moja.

Nahodha_wa_DNS
Ila akaunti nyingi za Bluesky bado ziko kwenye mashine za kampuni moja, na orodha ya vitambulisho vya did:plc ilijengwa na kampuni hiyo hiyo. Kwenye ugatuzi, yaani kutotegemea kampuni moja, hapo Mastodon iko mbele, na mimi ningeiweka akaunti ya kampuni huko. Kisha unganisheni pande mbili kwa Bridgy Fed, huduma inayopeleka posti kati ya mitandao hiyo miwili: kutoka Mastodon mfuate `@bsky.brid.gy@bsky.brid.gy`, kutoka Bluesky mfuate `@ap.brid.gy`.

Ujumbe wa faragha wa Mastodon unaweza kusomwa na msimamizi wa seva. Michoro ya mteja na mikataba itumwe kwa barua pepe ya ofisi.