Tyrrell P34 au Chaparral 2J, ipi niunde kwanza?

msasa_laini:
Wakuu habari. Nataka kuunda modeli ya gari la mashindano la zamani, yale ya majaribio ambayo injinia alijifungia chumbani akatoka na kituko. Nimebakiza mawili: Tyrrell P34 ya 1976 yenye matairi sita, seti ya plastiki ya kampuni ya Tamiya, au Chaparral 2J ya 1970, ile nyeupe yenye feni mbili nyuma, hii ni seti ya resini (ile inayomwagwa kwenye moldi ikagande) skeli 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi. Plastiki nimezoea, resini sijawahi kugusa kabisa. Mnashaurije?

GundiKidogo:
P34 bila kujiuliza. Ila swali lako kubwa ni skeli sio gari. Rimu za mbele kwenye gari lenyewe ni inchi 10 tu, kwa 1/20 unapata kitu hakifiki milimita 13, na ziko nne, utazipaka rangi kwa kibano huku umeshika pumzi. Kwa 1/12 rimu inafika kama milimita 21 na unaweza kupitisha mipira ya breki na waya nane za plagi za ile injini ya Cosworth DFV, na injini yenyewe iko wazi kila mtu anaiona. Ukiwa na nafasi ya kabati chukua 1/12.

feni_mbili:
Kila mtu ana P34 jamani 😂 2J ndio gari. Ina injini kubwa ya Chevrolet ya kuendesha magurudumu, halafu ina kainjini kingine kadogo ka tu-stroki kazi yake kuzungusha feni tu, zinyonye hewa chini ya gari ling'ang'anie barabara. Haikushinda hata mbio moja lakini ilitisha watu mpaka ikapigwa marufuku. Kuhusu resini usiogope, osha vipande vyote na maji ya uvuguvugu na sabuni kwanza maana vinatoka na mafuta ya moldi na rangi haitashika, piga msasa ukiwa umelowesha na uvae barakoa, vumbi lake sio zuri kwa mapafu. Na ile gundi ya plastiki haifanyi kitu kwenye resini, tumia supaglu au epoksi.

Bati la Zamani:
feni_mbili umesahau kumwambia kuhusu nyeupe. Bodi yote ni nyeupe na imenyooka kama friji, kila mkwaruzo wa msasa unaonekana. Ila P34 nayo isisifiwe sana, ukikuta boksi la miaka mingi angalia matairi, yale ya vinyl ya zamani yanatoa kemikali inayoyeyusha rimu yakikaa yamegusana. Stika za maji nazo jaribu moja usiyoihitaji kwanza, ikikatikakatika pulizia zote vanishi kabla hujaziloweka. Vile vidirisha vya ubavuni mwa dereva bandika na gundi nyeupe, supaglu itaviacha na ukungu.

kisu_butu:
Mbona hakuna aliyesema achonge mwenyewe? 2J ni boksi tu, kuta karibu zote zimenyooka, chukua shiti za plastiki za milimita moja ukate, resini ya nini. Zile sketi za chini, yaani kuta za kuziba hewa isiingie chini ya gari, kwenye gari halisi zilikuwa za Lexan (plastiki ngumu angavu), wewe weka plastiki angavu ya kwenye vifungashio. Kazi iko kwenye feni, hapo tafuta mwenye printa ya 3D. P34 huwezi kuichonga hivyo, ile pua na mikono ya saspensheni ya mbele itakutoa jasho.

GundiKidogo:
@kisu_butu mtu hajawahi kugusa resini unampeleka kuchonga gari zima 🙄

kisu_butu:
Shiti ya plastiki ni plastiki, si amesema kazoea. Akiharibu ukuta mmoja anakata mwingine, resini ukiivunja unaunga tu.

msasa_laini:
Asanteni sana wakuu. Basi naenda na P34 1/12, rangi ya bluu ya 1976 sio ile ya bluu na nyeupe ya 1977, na ile 2J nitaanza kukata shiti taratibu pembeni nikisubiri rangi ya P34 ikauke. @kisu_butu sketi umezikata kwa kisu au mkasi, na kingo hazikupasuka?