Naomba ushauri: niseme nini juu ya koko (babu) kwa kilio?

Jambo bapendwa, niko huku Bukavu, koko yetu ametutoka na famiye imenipa dakika tano za kuongea mbele ya watu. Aliingia Force Publique, jeshi ya Wabelgiji wakati wa ukoloni, mbele ya uhuru wa 1960, sasa baba mukubwa anataka niseme tu mambo ya jeshi, shangazi naye anataka rozari na misa basi. Lakini koko mwenye nilijua mimi ni ule wa kuamka saa kumi ya usiku, anasali, anabeba ndoano anashuka Ziwa Kivu, akipata samaki mbili moja ni ya jirani. Vita hakutusimuliaka, ukimuuliza anakuonyesha ndege kwa muti! Nianzie wapi bila kukasirisha wakubwa? Na bere yake ya zamani, ile kofia ya jeshi, tuiweke kwa sanduku pamoja na rozari ao haifai? Tunazika siku ya posho (Jumamosi).