Ushauri: Mamlaka ya data Ujerumani wamefunga malalamiko yangu, nataka kwenda Mahakama ya Ulaya

Mbeba Boksi
Wakuu, habari za jioni. Nipo Ujerumani, kazi zangu ni za maghala. Naombeni ushauri maana usingizi siupati.

Bosi wangu wa zamani alifunga kamera mpaka chumba cha kupumzikia. Nilipoacha kazi nikamwandikia anipe nakala ya taarifa zangu zote, ile haki ya kifungu cha 15 cha GDPR, sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data. Sheria inampa mwezi mmoja kujibu. Kimya. Nikapeleka malalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa data ya jimbo. Wamenijibu kwamba ni kweli alivunja sheria kwa zile kamera, wamempa onyo, faili limefungwa. Basi! Mtu anakutazama unakula kila siku, halafu anaonywa tu? Nataka niwapeleke Luxembourg, kwenye Mahakama ya Ulaya. Naanzia wapi?

Mama Swaleh
Pole sana mwanangu. Mimi niko Uholanzi, na mimi yalinikuta. Majibu ya vipimo vyangu yalipelekwa kwa jirani, akayafungua. Huku ukipinga uamuzi wa mamlaka unaanza kwa kuwaandikia pingamizi wao wenyewe ndani ya wiki sita, mahakama inafuata baadaye. Mimi sikufika huko. Waliokosea waliniandikia barua ya kuniomba radhi nikaridhika. Jirani ndiye mpaka leo ananiuliza sukari imeshuka?

Nyundo
Vijana wa siku hizi mnapewa kazi ugenini, badala ya kushukuru mnatafuta kesi. Kamera inamsumbua mwenye jambo la kuficha.

Mama Swaleh
@Nyundo kwako chumbani umefunga ngapi?

Karani Mstaafu
Mbeba Boksi, turudi kwenye swali. Luxembourg haiendwi moja kwa moja. Kifungu cha 78 cha GDPR kinakupa haki ya kuishitaki mamlaka yenyewe, lakini kwenye mahakama za nchi ilipo mamlaka hiyo. Kwa Ujerumani ni mahakama ya utawala, Verwaltungsgericht, ya pale mamlaka ilipo na makao yake. Jaji wa hapo akikwama kwenye tafsiri ya sheria ya Ulaya, yeye ndiye anayepeleka swali Luxembourg. Wewe huna mlango huko.

Sasa nijibu: bahasha iliyoleta barua yao imeandikwa tarehe gani?

Mbeba Boksi
Asante mkuu kwa elimu. Ila kuna ndugu yetu mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp, huyo ameshaanza kuniandalia maombi ya Luxembourg. Ana uzoefu na haya mambo. Mimi nilitaka tu kujua kama faini inaweza kufika kiasi gani.

Karani Mstaafu
Tarehe ya bahasha, mkuu.

Otieno wa Kisumu
Huku Kenya mambo ni rahisi, uamuzi wa Kamishna wa Data unakatiwa rufaa Mahakama Kuu. Tuna sheria yetu tangu 2019. Wazungu wanazungusha watu bure.

Mbeba Boksi
Barua nimeisoma juzi tu wakuu, msiwe na wasiwasi na tarehe.

Jicho la Tatu
Hii chai. Mtu hapati usingizi halafu akiulizwa tarehe anakwepa, anauliza faini. Na huyu Karani ana majibu tayari kama alikuwa anasubiri uzi ufunguliwe. Nahisi ni mtu mmoja ana ID mbili. Mods angalieni.

Nyundo
Nilijua tu.

Mbeba Boksi
@Jicho la Tatu niheshimu. Nitunge ili nipate nini? Bahasha ni ya njano, mtu wa posta ameandika kwa kalamu pale juu 12.5. Mimi nilikuwa Tanga kwenye matanga ya baba mdogo. Nimerudi nikaikuta kwenye sanduku la barua, ndiyo maana nasema nimeisoma juzi. Kwangu mimi siku zinahesabika tangu juzi.

Karani Mstaafu
Pole kwa msiba. Lakini hazihesabiki hivyo. Bahasha ya njano maana yake posta inathibitisha siku ilipokufikia, na ikishatumbukizwa kwenye sanduku lako imekufikia, uwe Tanga uwe wapi. Muda ni mwezi mmoja. Leo tarehe 11 Juni, kwa hiyo mwisho wako ni kesho tarehe 12, siku inapoisha saa sita usiku. Kitu kimoja kinachoweza kukuongezea muda: angalia mwisho wa barua. Kama hawakuandika unaweza kushitaki wapi na kwa muda gani, unapata mwaka mzima.

Mbeba Boksi
Wameandika, ukurasa wa mwisho. Lakini mimi nilishawajibu kwa barua pepe kwamba napinga.

Karani Mstaafu
Barua pepe ya kawaida siyo kesi. Kesho asubuhi nenda mahakamani mwenyewe na uamuzi na bahasha yake. Kuna dawati ambapo unaeleza na karani anaandika mashitaka yako. Ni Kijerumani, nenda na mtu kama chako hakitoshi. Wakili si lazima kwa hatua ya kwanza. Ada inaweza kufika kama euro 500. Kama huna, omba msaada wa gharama za kesi.

Na usiende na wimbo wa faini. Tarehe 26 Septemba 2024, kesi C-768/21, Luxembourg walishasema mamlaka hailazimiki kutoza faini kila kosa. Ile ilikuwa ya mteja wa benki huko jimbo la Hessen, mfanyakazi alichungulia taarifa zake bila ruhusa. Lakini soma tena ulichoandika: onyo ni la kamera. Nakala yako je? Umepewa?

Mbeba Boksi
Sijapewa mpaka leo. Na barua yao haijaigusa kabisa.

Karani Mstaafu
Hapo ndipo penye kesi. Tangu hukumu za Luxembourg za 7 Desemba 2023 kuhusu SCHUFA, ile kampuni ya Ujerumani inayopima kama mtu anakopesheka, mahakama inaupima uamuzi wa mamlaka wote, siyo kuangalia tu kama ulijibiwa. Fidia ni njia nyingine, unamdai bosi mwenyewe, na hizo mbili zinaweza kwenda sambamba.

Mama Swaleh
Mwanangu, huyo wa WhatsApp umempa hela?

Mbeba Boksi
Nusu. Ni mtu wa kwetu, hawezi kunifanyia hivyo. Anasema nikienda mahakama ya hapa nitaiharibu ile ya Luxembourg.

Otieno wa Kisumu
Boss, hiyo pesa imeenda.

Mbeba Boksi
Kesho naingia zamu saa nane mchana. Nikichelewa asubuhi?

Karani Mstaafu
Andika usiku huu, hata ukurasa mmoja: jina, anwani, unamshitaki nani, uamuzi wa tarehe gani, unataka nini. Tia saini kwa kalamu. Sababu utazipeleka baadaye. Mahakama zina sanduku la barua la usiku, ukitumbukiza kesho kabla ya saa sita usiku umewahi. Kwa Kijerumani.

Mbeba Boksi
Sawa mkuu, naandika. Ila ya Luxembourg siifuti kwanza.